Kipya au Kilichotumika: Ufundi wa Kuchagua Redio ya Mlimani

Redio iliyotumika ikiletwa kwa fundi hodari wa Butembo, haiwashwi mara moja. Kwanza inafunguliwa. Skuru zinatolewa na kuwekwa ndani ya kifuniko cha chupa zisipotee, bati la juu linaondolewa, kisha fundi anainamisha kichwa na kunusa. Kapasita iliyovuja maji yake hutoa harufu inayokaribia ya samaki. Koili iliyowahi kuungua ina harufu yake nyingine, kali, ambayo hukaa ndani ya sanduku miaka mingi. Halafu anachukua lenzi. Anaangalia vichwa vya skuru, maana kutu pale ni ushahidi kwamba maji yaliingia. Anaangalia vumbi: ni jekundu la barabara zetu, au la kijivu la ofisi ya mbali? Anaangalia lehemu. Ya kiwandani imelala sawasawa, ya mkono ina kinundu, na penye kinundu pana habari ambayo muuzaji hakuisema. Muda mrefu unapita hivyo, umeme haujaguswa, na mwenye redio amesimama pembeni ana haraka zake. Fundi hana haraka.

Ninaandika kuhusu kazi hii kwa sababu naistahi, na kwa sababu swali ambalo mafundi hawa huulizwa kila mara ni gumu kuliko linavyoonekana: "Papa, ninunue mpya au nichukue iliyotumika?" Mwenye pesa hudhani jibu ni mpya. Asiye nazo hudhani hana la kuchagua. Fundi anayejua kazi hamjibu hata mmoja wao kwa neno moja, kwa kuwa kituo cha kurudia mawimbi, yaani ripita, si kitu kimoja. Ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kinazeeka kwa namna yake.

Tuanze na mahali penyewe. Butembo imekaa juu ya vilima, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hatua chache tu kaskazini ya ikweta. Beni iko chini yake kwa mita mia kadhaa, upande wa kaskazini, kilomita hamsini na kitu kwa barabara ya RN2, na katikati kuna mteremko wa Kabasha ambao kila dereva wa lori anaujua. Mashariki kuna bonde la Semuliki na mlima Rwenzori, ambao kilele chake cha Margherita kimefika mita 5,109. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mtu aliye Beni na redio ya mkononi ya wati 5 hawezi kumfikia mwenzake aliyeko kwenye kibonde cha Butembo, hata betri iwe mpya namna gani, kwa sababu ardhi imesimama katikati. Dawa yake ni kuweka mashine juu ya kilima kinachoona pande zote mbili. Mashine hiyo inasikiliza kwenye masafa moja, na wakati uleule inatangaza kwenye masafa mengine yale inayoyasikia. Katika redio ya ridhaa upande wetu wa dunia, Afrika pamoja na Ulaya, bendi ya mita mbili inaanza megahezi 144 na kuishia 146. Ripita inaweza kusikiliza kwenye 145.000 na kutangaza kwenye 145.600. Tofauti ni megahezi 0.6 tu. Kumbuka namba hiyo, kwa sababu ndiyo itakayotuumiza kichwa mbele.

Ujuzi wa mafundi wetu haukuzaliwa kwenye vilabu vya redio ya ridhaa. Ulizaliwa kwenye fonie, redio ya masafa marefu. Kabla simu za mkononi hazijaenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, fonie ndiyo iliyokuwa simu ya Kongo ya mashariki. Mfanyabiashara aliyetaka kujua kama mzigo wake umefika Isiro au Kisangani aliingia kwenye chumba cha fonie, akangoja zamu, akaongea mbele ya kila mtu. Misheni zilikuwa na fonie zao, viwanja vidogo vya ndege vilikuwa nazo, na ofisi za afya zilizitumia kutoa habari za magonjwa kutoka vijiji ambavyo gari halifiki. Mashine zilikuwa Yaesu, Kenwood na Codan, zikikaa juu ya meza ya mbao pamoja na betri ya gari. Zilipoharibika, hapakuwa na mahali pa kuzirudisha. Fundi alizifungua kwa lazima, akajifunza kwa lazima, na aliyemfuata akajifunza kwa kumshikia taa.

Kwamba redio bado ina kazi, miaka ya karibuni imetuonyesha. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na haikutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Beni, Butembo na Katwa zilikuwa katikati ya moto huo. Ndani ya kipindi hichohicho, tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo hazikushiriki kwa kuwa kura yao ilisogezwa hadi Machi 2019, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ujumbe mfupi wa simu ukafungwa nao. Watu wa mji wenye mgonjwa wakabaki bila njia waliyoizoea. Ripita iliyo mlimani, yenye paneli yake ya sola na betri yake, haiombi ruhusa kwa mnara wa kampuni ya simu. Ndiyo maana ninaona kujua kuichagua na kuijenga ni elimu ya lazima kwetu, hata kama kwingine ni burudani ya siku ya mapumziko.

Sasa, vifaa vilivyotumika vinatoka wapi? Vingi vina kisa nyuma yake. Marekani iliamuru redio za kazi za bendi za VHF na UHF zipunguze upana wa mawimbi yake kutoka kilohezi 25 hadi 12.5 ifikapo tarehe 1 Januari 2013. Polisi, zimamoto na kampuni za malori zilizokuwa na mashine za zamani zisizoweza kubadilika zilizitoa. Mashine hizo hazikuwa mbovu. Sheria tu ndiyo iliyozikataa. Kwa redio ya ridhaa, ambayo amri hiyo haikuigusa, zilikuwa neema. Na huo haukuwa mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia miaka ya 1970, Wamarekani wa redio ya ridhaa walijenga ripita zao nyingi kwa redio zilizotolewa kwenye teksi na magari ya polisi. Kutumia kilichotumika ni desturi ya zamani katika fani hii, tena ya nchi tajiri.

Kwetu kuna mlango mwingine. Mashirika ya misaada na ujumbe wa Umoja wa Mataifa yameishi Kivu Kaskazini zaidi ya miaka ishirini, na kila shirika lilikuja na redio zake: Motorola za mkononi na za gari kwa VHF, Codan kwa masafa marefu. Mradi ukifungwa au kizazi kipya cha mashine kikifika, za zamani huuzwa. Nyingine hupitia Kampala au Nairobi, nyingine hupanda na makontena ya wafanyabiashara wa Butembo, wale waliozoea Dubai na Guangzhou, zikashuka Mombasa na kuvuka mpaka wa Kasindi. Mfanyabiashara wa Butembo anajua kukagua mzigo. Lakini redio haikaguliwi kwa jicho la biashara peke yake, na hapo ndipo anapomhitaji fundi.

Nitasema neno la haki kwa kifaa kipya. Ripita mpya ya kiwandani, tuseme Yaesu DR-2X, inatoka na masafa yake sahihi, inatumia umeme vizuri, inafanya kazi kwa sauti ya kawaida na ya dijitali, na haina siri ya mmiliki wa kwanza. Mtu akiwa na pesa, na akiwa na njia ya kuirudisha ikifa, sina sababu ya kumkataza. Tatizo liko kwenye hiyo njia ya kuirudisha. Dhamana ya kiwanda ikishafika Kasindi inakuwa karatasi. Kuna pia ubao wa ndani wenyewe: vipande vyake ni vidogo kuliko punje ya ulezi, vimebandikwa na mashine, na programu ya ndani imefungwa kwa namba za siri. Kipande kimoja kikifa, fundi wa Butembo ambaye angeweza kuokoa Motorola ya miaka ya 1990 kwa chuma cha kulehemu na transista moja atakaa mbele yake mikono imekunjwa. Si kwa kukosa akili. Kifaa kimeundwa asikifungue.

Tena kipya kina hatari yake sokoni, nayo ni bandia. Icom yenyewe imetoa tahadhari mara nyingi kuhusu redio za mkononi zinazobandikwa jina lake, hasa mfano wa IC-V8. Kwenye boksi linalong'aa, bandia na halali hufanana. Kwenye redio iliyofanya kazi miaka kumi na tano, bandia ilikwisha kufa zamani. Miaka imekwisha kumfanyia mnunuzi nusu ya uchunguzi.

Turudi mezani, maana kazi ya kupima ndiyo ninayoipenda zaidi. Redio imekwisha kunuswa na kuangaliwa. Sasa inapewa umeme, lakini si kutoka kwenye betri ya gari. Betri ya gari ina nguvu ya kuchoma kila kitu kabla mtu hajapepesa jicho. Fundi anatumia chanzo cha umeme chenye kikomo, au, asipokuwa nacho, anaunga taa ya gari kwenye waya mmoja. Kukiwa na shoti ndani, taa inawaka na redio inasalimika. Ni ujanja wa senti chache unaookoa mashine ya mamia ya dola. Taa isipowaka, anasoma ampea. Redio iliyotulia, inayosikiliza tu, inapaswa kula chini ya nusu ampea hivi. Ikila zaidi kuna kitu ndani kinavuja umeme kimyakimya, na kitaimaliza betri ya mlimani usiku.

Kisha inatangaza, lakini si kwenye antena. Anaunga mzigo bandia, yaani kizuizi cha omu 50 kinachomeza nguvu zote na kuzigeuza joto, na katikati anaweka mita ya wati. Wenye bahati wana Bird 43, mita ya Kimarekani iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1950 na ambayo mpaka leo watu hununua iliyotumika bila hofu. Anabonyeza kitufe na hakiachii. Dakika moja, mbili, tano, kumi. Mnunuzi asiyejua anaona wati 25 kwenye sekunde ya kwanza na kutabasamu. Fundi hajali sekunde ya kwanza. Anataka kuona sindano inakaa wapi dakika ya kumi, na wakati huo kiganja chake kimelala juu ya mapezi ya alumini nyuma ya redio.

Sababu yake ni hii. Redio ya gari imeundwa kwa mtu anayesema maneno machache na kunyamaza. Ripita hainyamazi, kila anayeongea anaifanya itangaze, na wakiongea watu sita mfululizo, inatangaza mfululizo. Motorola yenyewe ilijenga ripita ndogo, GR300 na GR500, kwa kuweka redio mbili za gari ndani ya sanduku moja, moja isikilize na nyingine itangaze. Njia hiyo ni nzuri na mafundi wetu wanaweza kuijenga wenyewe kwa redio mbili za gari za GM300. Lakini anayetaka idumu hapandishi nguvu hadi mwisho. Anaishusha kutoka wati 25 hadi 10, anaweka feni ndogo ya kompyuta, na mashine inaishi. Kumshawishi mwenye mradi kwamba wati 10 zitatosha ni kazi nyingine. Watu wanapenda namba kubwa. Ukweli ni kwamba kutoka 25 hadi 10 anayesikiliza bondeni haoni tofauti kubwa. Kilima ndicho kinachofanya kazi.

Inafuata kupima masafa. Ndani ya redio kuna fuwele inayotetemeka, na fuwele huzeeka. Kosa la sehemu 5 kwa milioni, ambalo ni dogo mno kwenye karatasi, kwenye megahezi 145 ni hezi 725, na sauti inaanza kukwaruza kwa msikilizaji wa mbali. Fundi anasubiri redio ipate joto, anasoma kifaa cha kuhesabia masafa, anageuza skuru ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi ya plastiki, anaondoa mkono, anasubiri tena. Bisibisi ya chuma ingebadilisha kipimo kwa kuwa karibu tu. Hata mkono wake mwenyewe unabadilisha. Kwa hiyo anagusa na kuondoka, anagusa na kuondoka, mpaka namba itulie. Nimeona vijana wakichoka kutazama kazi hii. Mimi sichoki.

Na kuna jambo la kompyuta ambalo mnunuzi wa GM300 lazima aambiwe. Programu ya kuiwekea masafa ni ya DOS, na kompyuta za kisasa zenye kasi hushindwa kuongea nayo. Inataka kompyuta ya zamani, nzito, ya polepole. Ndiyo maana kwenye rafu ya fundi mzuri utakuta laptop ya kale ambayo mgeni angeitupa, pamoja na kisanduku cha kuiunganisha na redio. Usimcheke. Bila hiyo laptop, redio kumi nzuri ni matofali. Anayenunua redio zilizotumika bila kuuliza zinaandikwaje masafa hajanunua redio.

Sasa ile megahezi 0.6. Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo wenye pesa, wanaposhindwa. Mashine inatangaza kwa wati 25 na wakati huohuo, kwenye antena hiyohiyo, inajaribu kusikia ishara dhaifu kutoka mbali, tuseme Oicha au Mutwanga. Redio nzuri inasikia ishara ya robo ya mikrovolti. Ukigawanya nguvu inayotoka kwa nguvu hiyo inayoingia, unapata 20 ikifuatwa na sifuri 15. Nguvu hiyo ya kwanza ikilifikia sikio hata kwa chembe, sikio linazibwa. Kinachotenganisha ni dupleksa: mitungi ya chuma, yaani kaviti, kila mmoja ukipitisha masafa moja na kufunga mengine. Kwa megahezi 145, robo ya wimbi ni sentimita 52 hivi, kwa hiyo mitungi ya kweli ni mirefu na mizito, minne au sita, ya shaba au alumini, mara nyingi imepakwa fedha ndani. Sokoni kuna visanduku vipya vya bei ndogo vinavyoitwa dupleksa, vinavyoingia kwenye mkoba. Vimetengenezwa kwa redio za kazi ambazo masafa yake mawili yako mbalimbali kwa megahezi kadhaa. Kwa tofauti ya 0.6 havifai, na hakuna kurekebisha kutakakovifanya vifae.

Hapa kilichotumika kinashinda waziwazi. Mtungi wa shaba hauna transista ya kuungua wala kapasita ya kukauka. Fimbo ya kurekebishia iliyomo ndani hutengenezwa kwa invari, aloi ya chuma na nikeli ambayo haitanuki kwa joto ila kidogo sana. Charles Édouard Guillaume aliigundua mwaka 1896 na kazi yake hiyo ikampa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Mtungi uliotengenezwa miaka arobaini iliyopita na kutunzwa mahali pakavu ni uleule. Fundi anachoangalia ni kama umegongwa, kama maungio yana weusi, na kama fimbo inasogea laini bila kukwama. Akikubali, kazi inaanza: kuurekebisha kwa masafa ya hapa. Zamani hiyo ilitaka vyombo vya maabara. Leo kuna kifaa kidogo kiitwacho NanoVNA, cha bei ya makumi ya dola, kinachochora kwenye kioo jinsi kila mtungi unavyopitisha na kuzuia. Hicho nunua kipya bila kusita! Kifaa kipya cha kukufungulia macho kwenye vya zamani ni pesa iliyowekwa mahali pake.

Kurekebisha mitungi sita ni kazi ya siku nzima. Ukigusa wa tatu, wa pili unasogea. Unarudi, unaanza tena, unasogea upana wa unywele. Mwisho wa yote fundi anakaza nati na kuweka tone la rangi ya kucha juu yake, ili akiifikisha mlimani baada ya mashimo ya RN2 aweze kuona kwa jicho kama kuna nati iliyozunguka. Tone hilo dogo jekundu limenifundisha heshima ya kazi kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

Kuna vitu ambavyo fundi huyuhuyu, mpenzi wa vya zamani, hatavigusa vikiwa vimetumika. Kebo ya antena ni cha kwanza. Maji huingia kwenye ncha na kutambaa ndani ya wavu wa shaba mita nyingi bila kuonekana nje. Hata kebo kavu lazima ichaguliwe kwa hesabu. Mita 30 za RG-58, ile nyembamba ya bei rahisi, zinameza karibu robo tatu ya nguvu kwenye megahezi 145: unatuma wati 25, antena inapata kama 7. RG-213 inakuachia kama 14. Kebo ngumu ya nusu inchi inakuachia kama 20. Mtu aliyetoa dola kwa redio yenye nguvu kisha akabana kwenye kebo amenunua joto la kupasha waya. Viunganishi navyo viwe vipya, na mkanda wa kuzuia maji uwe mzuri.

Cha pili ni betri. Betri ya risasi iliyotumika ni deni la mtu mwingine. Fanya hesabu ya ripita ndogo: kusikiliza saa 24 kwa nusu ampea ni ampea-saa 12; kutangaza jumla ya saa nne kwa siku kwa ampea 5 ni 20; jumla 32. Butembo mawingu hukaa, kwa hiyo weka akiba ya siku tatu, karibu 100, na kwa kuwa betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, unahitaji ya 200. Paneli ya wati 200 itaijaza. Paneli iliyotumika inakubalika kama kioo hakijapasuka na inapimika juani kabla ya kulipa. Kwenye ikweta jua hupita utosini, lakini usiilaze kabisa. Iinamishe nyuzi kumi hivi ili mvua iioshe.

Cha tatu ni kinga ya radi. Kongo ya mashariki ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kuliko kote duniani. Watafiti waliohesabu mimuliko kwa setilaiti waliikuta Kabare, hukuhuku mashariki mwa Kongo, ikiongoza Afrika nzima. Kinga ya kebo hufanya kazi kwa kujitoa, na iliyotumika huenda ilikwisha kujitoa. Inunuliwe mpya, na ifungwe kwenye shaba nene iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu, siyo kwenye mwamba mkavu kwa sababu tu ndipo mlingoti ulipo. Hapa sitanii na fundi yeyote anayesema "tutaweka baadaye". Radi haitasubiri msimu ujao.

Halafu kuna karatasi, na kwetu hazipaswi kuja mwisho. Beni imezika watu wake tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, na Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021. Antena mpya juu ya kilima, ambayo hakuna aliyeambiwa ni ya nani, inaweza kumletea fundi matatizo makubwa kuliko radi. Leseni kutoka kwa mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ishara ya wito inayoanza na 9Q, barua kwa mkuu wa mji na kwa wanajeshi wa eneo, na mazungumzo na wenye shamba: hivyo vyote vitangulie kamba ya kwanza. Na redio ya ridhaa si ya biashara. Anayeuza dakika juu yake ameiharibia wenzake. Fundi mzee hukataa kupanda mlima mpaka aone karatasi. Baadhi humwita mwoga. Mimi naona ni sehemu ya ufundi uleule wa kunusa kabla ya kuwasha.

Basi mtu akiniuliza, hesabu yangu ni hii. Mitungi ya dupleksa iwe iliyotumika, ya kiwanda kinachojulikana. Redio ziwe zilizotumika, za kazi, tena tatu au nne za mfano mmoja, ili mbili zikae mlimani na zilizobaki ziwe ghala la vipuri. Mita ya wati, iliyotumika. Kebo, viunganishi, betri, kinga ya radi na NanoVNA, vipya. Ripita mpya nzima ya kiwandani inunuliwe siku ile tu ambapo kuna mtu wa Butembo au Beni aliyefundishwa kuifungua na anayo ramani ya ubao wake mkononi. Kabla ya siku hiyo ni anasa ambayo mlima utaila.

Na kwenu mnaofunga miradi na kuuza stoo zenu Beni, Butembo na Goma: msitupe kebo za kuandikia masafa kwa sababu zinaonekana takataka. Uzeni redio pamoja na kebo yake, programu yake, kitabu chake cha ufundi, na futeni namba zenu za siri kabla ya kuzitoa. Kufanya hivyo kunawachukua nusu siku, na kunamwezesha fundi mmoja wa hapa kuifanya mashine hiyo ifanye kazi miaka mingine ishirini.